Mahali pa Xaveri

Mume wangu Hyasinti hajawahi kufika mahali mikono mitupu, na nikisema hivyo simsifu. Siku aliyokuja kwetu Mbaha kujitambulisha alikuja na kiti. Alikibeba kutoka Mkumbi, huko juu milimani kwa Wamatengo, mpaka kwetu ziwani, kwa sababu mtu fulani alimwambia kwamba Wanyasa humkalisha mgeni mkekani, naye alikuwa amevaa suruali ya kuazima. Baba yangu, Mzee Xaveri, alikitazama kiti, akamtazama mwenye kiti, akasema, "Huyu akioa atahama na mlango." Alicheka mpaka akakohoa. Mimi nami nikacheka, mjinga mimi, badala ya kukimbia.

Sitaki kumsema vibaya tu. Shambani Hyasinti hana mwenzake. Majani huyalaza kwa kufuata kamba kabla ya kuyafukia, na ngoro zake zikikamilika mteremko mzima unakuwa na mashimo yaliyopangika mpaka bwana shamba huleta wageni waje kuona. Hapigi mtu, pombe hanywi kupita kiasi, na Isidori, mtoto wetu, akiugua yeye ndiye asiyelala. Shida yake ni moja: hawezi kuachana na kitu.

Ile miaka ya foleni ndiyo iliyomharibu. Sabuni ilikuwa inagawiwa kwa vipande, chumvi ilitafutwa kama dawa, na ukipata kiberiti unakificha hata ndugu asikione. Hyasinti akajifunza kuweka. Aliweka misumari iliyopinda, makopo, kamba za viatu, vipande vya mishumaa ya Pasaka. Halafu ikaja ruksa. Maduka ya Mbinga yakajaa vitu mpaka vingine vikaning'inizwa barazani, magari ya wanunuzi binafsi yakaanza kupanda milimani kugombea kahawa yetu, na mitumba ikamwagwa chini sokoni kila siku ya gulio. Wenzake wakapumua. Yeye akaona kwamba sasa ndio wakati wa kujiandaa kwa siku ambayo vitu vitaadimika tena. "Akiba haiozi, Mama Isidori," ananiambia, huku anaingiza chumbani ndoo isiyo na kitako.

Sasa mchukue mtu huyo, aliyekulia mahali ambapo mto unauvuka kwa kuruka, umwambie ajiandae kwenda kuvua. Wala si kuvua kokote. Umwambie anakwenda Lihweku.

Lihweku ni ziwa dogo nyuma ya kijiji chetu cha Mbaha, kati ya matete na mguu wa mlima. Ziwa Nyasa ni la kila mtu. Lihweku lina wenyewe. Mwaka mzima hakuna anayetia hata kidole, awe mwenyekiti wa kijiji au mpishi wa padri. Hufunguliwa siku moja tu, maji yakishapungua na kabla mvua hazijaanza. Siku hiyo kila nyumba ya ukoo wetu huingiza mwanamume mmoja, naye husimama mahali pa nyumba yake, juu ya jiwe lililo chini ya maji, na kutega mgono, lile tenga refu la kunasia samaki. Mahali huitwa kwa jina la mtu aliyesimama hapo mwisho. Mlinzi wa ziwa huita kutoka ukingoni, mahali pa fulani, na aliye majini huitika, "Pana mtu!" Pakikaa kimya misimu miwili mfululizo, basi pamekufa. Pataitwa kwa jina la nyumba nyingine, na hiyo nyumba ya zamani haitakuwa na chake Lihweku milele.

Baba yangu hakuacha mtoto wa kiume. Ziwa lilipofunguliwa baada ya msiba wake nilikuwa nimesimama ukingoni na wanawake wenzangu, maana sisi hatuingii. Shangazi akaita, "Mahali pa Xaveri!" Maji yametulia, watu wametulia, hakuna aliyejibu. Akaita pa mtu mwingine, wakaendelea. Makaburini nilikuwa nimelia nikapata nafuu. Pale sikulia, na nafuu sikuipata.

Huyo shangazi ndiye Serafina, dada yake baba, na ndiye mlinzi wa ziwa. Ni mwanamke mkavu, anauza usipa, dagaa wetu wa ziwani, wa kukaushwa, na hana muda na mtu. Nilimfuata nikamuuliza kama mkwe anaruhusiwa kusimama mahali pa baba mkwe.

"Anaruhusiwa," alisema, akiendelea kugeuza usipa kichanjani. "Mgono ausuke mwenyewe, asiazime wala asinunue. Asije na chuma, asije na nailoni. Na asije ametoka nyumba yenye kinyongo. Nitamuuliza mbele ya watu, na akidanganya migono ya watu wote itatoka mitupu." Hapo akageuka akanitazama. "Benadetha, na wewe nakufahamu."

Nikamwambia nimesikia.

"Cuthbert ameshaniuliza habari za mahali pale," akaongeza. "Nimemwambia asubiri pakae kimya mara ya pili."

Cuthbert ni binamu yangu. Ana mahali pa baba yake tayari, lakini alikuwa amefahamiana na bwana mmoja mwenye masanduku ya barafu, anayepeleka samaki Songea, na huyo bwana alitaka samaki wa Lihweku kwa sababu ni wanono. Kila nikikutana na Cuthbert ananiambia, "Dada, siku hizi ni soko huria," kana kwamba soko huria limemruhusu kurithi watu ambao si baba yake.

Nilirudi Mkumbi nikamweleza mume wangu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nitaingia," alisema. Kisha akauliza, "Maji yanafika wapi?"

"Kifuani."

"Kifua cha nani?"

"Cha mtu, Baba Isidori. Cha mtu yeyote!"

Akainamisha kichwa akakitazama kifua chake. Hyasinti si mrefu.

Hiyo ilikuwa mara ya mwisho mimi kupaza sauti, kwa maana nilikuwa nimeshafanya uamuzi. Kwetu Mbaha watu tunakua tukiitana kutoka ufukweni mpaka mtumbwini. Sauti ya chini hatukufundishwa. Pale Mkumbi majirani wanajua nimepika nini bila kufika, kwa kunisikia tu. Nikajiambia, Benadetha, kinyongo huanza na maneno, na maneno huanza na wewe. Tangu fito ya kwanza mpaka mgono utakapozama, utafunga mdomo. Hata akifanya nini. Ni kwa ajili ya baba.

Ningejua atafanya nini, ningeomba nifungwe na kitambaa.

Alianza na mgono wenyewe. Alikata mianzi, akaichana fito, akakaa uani wiki nzima kwa bidii ileile ya ngoro. Ukatoka tenga la kuku. Sisemi kwa mfano. Kuku wetu mwekundu aliingia siku ileile akataga. Mume wangu akamtazama, akasema, "Huyu tusimsumbue," akaanza mwingine.

Wa pili ulikuwa na umbo la mgono kweli, mrefu, mwembamba mkiani. Ila hakuweka koo. Mgono una koo la fito zilizochongoka zinazotazama ndani, samaki akishapita hawezi kurudi. Wa Hyasinti ulikuwa wazi. Samaki angeingia, angetembeatembea, angetoka kwenda kuwasimulia wenzake. Niliona tangu mbali. Ulimi ulinisimama mdomoni, nikaingia jikoni nikatwanga mahindi mpaka Isidori akauliza kama kuna sherehe.

Jioni ile nilipanda darini nikaushusha mgono wa zamani wa baba, niliokuja nao baada ya msiba, nikauweka tu mlangoni, bila neno. Hyasinti akaushika, akautazama kooni, akakaa. Akausuka wa tatu huku ule wa baba uko magotini pake, akiugeuza na kuupapasa. Wa tatu ulikuwa mgono. Haukuwa mzuri, lakini baba mwenyewe angeutambua kuwa ni mgono, nami moyo ukanilainika siku mbili tatu.

Halafu akaenda Mbinga mjini "kununua vitu vichache vya safari".

Alirudi na sanduku la mbao. Ndani yake mlikuwa na mabuti ya mpira, koti la mvua, na msimu ule hata mawingu hayakuwapo. Mlikuwa na tochi, wakati Lihweku linafunguliwa jua likiwa limeshapanda. Mlikuwa na nyundo na misumari. Mlikuwa na ndoano, mkusanyiko mzima wa ndoano, kubwa na ndogo, zimechomekwa kwenye kipande cha kandambili.

"Najua ndoano haziruhusiwi," alisema, ameona macho yangu. "Lakini huwezi kujua. Akiba haiozi."

Nikameza. Nilihisi neno linashuka kooni na kufika tumboni na kukaa kule na mengine.

"Mama Isidori, nichukue sweta moja au mawili?"

"Utakavyoona."

"Na kile kiti?"

"Utakavyoona, Baba Isidori."

Alisimama akanitazama muda mrefu, sweta mkononi. "Unaumwa?"

"Siumwi."

Usiku ule, nilipokuwa nimegeukia ukutani, nilimsikia anapekua akiba zake. Akaniletea aspirini na kikombe cha maji. Nilimeza pia, maana ukikataa utaulizwa kwa nini, na ukijibu utaanza, na mimi nikianza sina breki.

Safari ya kushuka tulipata lori la mahindi. Abiria tulikaa juu ya magunia. Hyasinti aliogopa upepo usije ukaurusha mgono, na barabara ile ya kushuka ziwani ilivyo na kona mtu akisema anaogopa upepo sitambishia. Lakini sikiliza alichokifanya. Aliulaza mgono chini, halafu juu yake akaweka sanduku. Sanduku la nyundo, misumari, mabuti na ndoano. Nililiona likiwekwa. Nilifungua mdomo, nikamkumbuka Shangazi Serafina akigeuza usipa, nikaufunga.

Lori likaruka korongo moja. Tukasikia fito zinavunjika.

Hyasinti alinyanyua sanduku taratibu. Mgono ulikuwa umebonyea ubavuni na koo limeingia ndani. Akanigeukia. Abiria wote wakanigeukia, maana wale wa Mkumbi wanatufahamu.

"Sema kitu," aliniambia.

"Utatengenezeka."

"Mama Isidori. Sema kitu."

Nikatazama milima. Ziwa lilikuwa limeanza kuonekana chini, bluu mpaka kule ng'ambo, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikufurahi kuliona. Nilikuwa nimekasirika mpaka masikio yanavuma.

Mbamba Bay tuliteremkia dukani kwa Masoudi Abdulkarimu. Familia yake ilitoka Kilwa zamani, lakini yeye amezaliwa hapohapo, na ametaniana na sisi watu wa ziwani tangu utoto. Alimpa Hyasinti nafasi barazani akae autengeneze mgono huku tukisubiri boti ya Mbaha. Mimi nikakaa kwenye gunia.

"Dada Benadetha, leo umemeza nini?" aliniuliza Masoudi. "Umefika tangu saa ngapi na sijasikia bei zangu zikitukanwa."

"Nimechoka, kaka."

Akamgeukia mume wangu. "Shemeji, umemfanya nini dada yetu? Huyu akipita hapa hata mizani yangu hukaa sawa."

"Hata mimi sijui," alisema Hyasinti, na hakuwa anatania. Alikuwa anasuka lakini macho yako kwangu. "Amekuwa hivi tangu nilipoanza. Nadhani hataki niingie majini."

Masoudi alicheka, kisha akaona Hyasinti hacheki, akaacha. Wakabaki wanazungumza kwa sauti ya chini, mambo ya maji, mambo ya kuogelea. Nilikuwa nimefumba macho ninahesabu pumzi. Nilipoyafumbua mume wangu alikuwa amesimama mbele yangu na tyubu ya lori, nyeusi, kubwa, imejazwa upepo.

"Hii si chuma," alisema haraka. "Na si nailoni."

Ee Mungu wangu. Nikajifunika khanga kichwani mpaka boti ilipokuja.

Siku ya kufungua ziwa watu walijaa ukingoni tangu mapema. Kila nyumba ilikuwa imeleta mwanamume wake na mgono wake. Wanaume walivaa kaptula kuukuu, miguu peku, kifua wazi, kama inavyotakiwa. Nilikuwa nimetangulia na wanawake. Hyasinti alibaki nyuma nyumbani kwa shangazi "kujiweka tayari". Nikasikia kicheko kinaanza kule njiani na kuja huku kikikua.

Alikuwa amevaa mabuti. Amevaa koti la mvua na kofia. Tyubu imempita kiunoni chini ya koti, koti limetanuka pande zote kama hema, na mikono haishuki. Ameinyanyua, na mmoja umeshika mgono. Cuthbert alikuwa anafuta machozi kwa kucheka. Watu hawa ndio waliomzika baba yangu. Hapa ndipo baba yangu aliposimama kila msimu tangu ujana wake, na huyu ndiye niliyemleta asimame badala yake.

Nilijiuma shavu kwa ndani mpaka nikasikia chumvi ya damu.

Shangazi Serafina hakucheka. Alikuwa anaita wanaume mmoja mmoja, anawauliza swali, wanajibu, wanaingia. Cuthbert aliulizwa akajibu akaingia, akaenda akasimama mahali pake, hatua chache tu kutoka kwenye jiwe la baba. Niliona anavyolitazama lile jiwe. Mwisho akabaki Hyasinti.

"Shikamoo mama," alisema Hyasinti.

"Marahaba, mkwe. Umetoka nyumba gani?"

Jibu lake ni moja, na nilikuwa nimemfundisha kabla sijaacha kuongea: nimetoka nyumba isiyo na kinyongo. Basi. Maneno machache, mtoto angeyasema.

Hyasinti aligeuka na lile koti lake. Akanitafuta kwa macho katikati ya wanawake.

"Siwezi kusema, mama," alisema.

Wanaume waliokuwa majini wakageuka.

"Huwezi kusema nini?"

"Siwezi kusema haina kinyongo, na hawa watu wote wametega migono. Mke wangu hajanigombeza tangu nianze kusuka mgono. Nimevunja vitu, nimenunua vitu, nimefanya makusudi mengine ili nione kama ataniambia kitu." Akanielekezea mgono. "Tangu nimuoe haijapita siku moja hajanigombeza. Akiwa ananigombeza najua tuko sawa. Sasa amenyamaza. Sijui nimemkosea nini, mama, lakini ni kubwa, maana hata kulisema hawezi."

Kule majini Cuthbert akapaza sauti, "Basi, mwenyewe amekiri! Shangazi, ita mahali pa—"

"Funga mdomo wako," alisema Shangazi Serafina. Akanigeukia mimi. Jua lilikuwa linampiga usoni naye alikuwa na haraka. "Benadetha, umekasirika hukukasirika?"

"Sijakasirika, shangazi."

"Unanidanganya mimi, penye maji?"

Nikamtazama mume wangu. Jasho linamtoka ndani ya lile koti, mabuti yametazama huku na huku, na ile mikono bado ameinyanyua. Kitu kikapanda kutoka tumboni, kilekile nilichokuwa nakimeza, kikapita kooni, wala sikukizuia.

"Haya, nimekasirika!" Ndege waliokuwa kwenye matete wakaruka. "Nimekasirika tangu lile tenga lako ambalo kuku anataga mpaka leo! Nani amekutuma ndoano mahali pasipotakiwa ndoano? Nani anaingia majini na mabuti, Baba Isidori? Yakijaa maji unakwenda chini kama jiwe! Umeweka sanduku juu ya mgono, sanduku la nyundo na misumari, halafu unaniambia sema kitu! Ningesema nini? Niliogopa kinyongo, nikameza maneno mpaka tumbo likauma, na wewe ukaniletea aspirini! Na hilo koti! Mvua iko wapi? Nionyeshe wingu! Na hilo, hilo dude, umelivaa mbele ya watu waliomzika baba! Nimekwambia maji yanafika kifuani. Kifuani! Kama unaogopa si useme unaogopa, kuliko kuhama na duka zima la Masoudi! Unadhani mimi siogopi? Ukizama hapo nitaupanda ule mlima na nani? Nitamwambia nini Isidori, kwamba baba yake amekwenda na maji kwa ajili ya mahali pa kusimama?"

Hapo pumzi ikaniishia. Hayo ya mwisho sikujua kwamba nilikuwa nayo.

Nilijua watu watacheka, na wakacheka, wengine mpaka wakakaa chini. Lakini Hyasinti hakuwa anawasikia. Uso wake wote ulikuwa umelegea, kama anavyokuwa homa ya mtoto ikishuka.

"Ninaogopa," aliniambia. Taratibu tu, kama mtu anayeomba maji.

"Basi. Vua hilo dude."

Akajaribu, koti likakwama. Nikatoka kwenye mstari wa wanawake, nikamvua koti, nikaivuta tyubu ikapita kichwani na kumng'oa kofia, nikamkalisha mchangani nikamvuta mabuti moja baada ya jingine. Miguu yake ilikuwa myeupe kwa unyevu. Nikampa mgono mkononi. Akasimama na kaptula yake mbele ya Shangazi Serafina, mfupi, mabega mapana ya mtu wa jembe.

"Umetoka nyumba gani?" aliuliza shangazi.

"Nimetoka nyumba isiyo na kinyongo."

"Na wewe?"

"Haina," nikasema, nikihema.

"Hayo mngeyamaliza huko huko kwenu mlimani, jua lisingeniunguza hivi. Nenda."

Akaenda. Mwanamume akishakanyaga maji, wanawake wa ukingoni huketi chini na hawasemi tena mpaka migono itoke, ukisema umemvuta chini azame. Nikakaa. Maji yalimfika magotini akasimama. Yakamfika kiunoni, akasimama tena, nikaona mgongo wake unatetemeka, na maji yale hayana baridi. Alitazama nyuma mara moja tu. Nilimwitikia kwa kichwa. Akaendelea, anapapasa kwa nyayo, mgono ameubeba juu ya kichwa kama alivyobeba kile kiti chake. Akalipata jiwe, akapanda. Maji yaliyokuwa yakimfika baba tumboni, yeye yalimfika kifuani kabisa.

Shangazi akaanza kuita. Mahali pa huyu, pana mtu. Mahali pa yule, pana mtu. Sauti za wanaume waliozaliwa na maji, nyepesi, wanaitika huku wanatega. Mikono yangu ilikuwa imekamata mchanga.

"Mahali pa Xaveri!"

Kimya. Kimya kilekile cha msimu uliopita, nikakitambua. Cuthbert alikuwa amekwishageuza shingo. Nilimwona Hyasinti anafungua mdomo na hakitoki kitu, taya linacheza, nami sikuruhusiwa hata kukohoa.

"Pana mtu!"

Alipiga kelele. Ilikuwa sauti mbaya, imepasuka katikati, sauti ya Mmatengo anayemwita mwenzake mlima wa pili, na ikagonga mguu wa mlima ikarudi. "Pana mtu!" akarudia, ingawa huitikiwa mara moja tu. Kisha, kwa sababu ni Hyasinti na hajui kuacha akiba, akaitika mara ya tatu.

Halafu akauzamisha mgono, kwa uangalifu mkubwa, mdomo wake ukitazama nchi kavu ambako hakuna samaki hata mmoja. Niliona. Watu wote waliona. Nami nilikuwa nimekaa mchangani, nalia, nimeuma upindo wa khanga kwa meno yote ili nisimwambie.